Mkono wa Fundi Pete

Kama kuna kazi inayotaka mkono uliotulia, ni ile ya kukata mlichi pete. Mlichi, ule mti wa matunda mekundu yenye nyama nyeupe, una tabia za tajiri: ukishiba maji na samadi unanenepa, unatoa majani ya kupendeza macho, na matunda hakuna. Dawa yake ni kuutia hofu. Kabla ya miezi ya baridi unazungusha msumeno mwembamba kwenye shina, unakata gome peke yake, duara moja kamili, ili chakula kinachotengenezwa na majani kisishuke mizizini. Mti ukiona mambo yamekuwa magumu, unaacha maringo na kuchanua. Lakini gome lenyewe ni jembamba. Ukilipita ukazama ndani, umeua mti wa watu.

Fundi Pete aliifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini, na ndiyo iliyompa jina. Mkewe alipenda kumtania mbele za watu kwamba mume wake amevisha pete miti ya mji mzima, na yeye hana hata ya bati. Walikwenda kazini pamoja. Mke alibeba mfuko, akashika ngazi, akafagia majani, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukata hata kijiti. Alichokuwa nacho ni masikio. Msumeno ukiwa kwenye gome hukwaruza taratibu, kama mtu anayejikuna kichwa. Ukigusa mti wenyewe, sauti hupanda na kuwa kali. Sauti hiyo kali ikianza tu, mumewe husimamisha mkono. Mama huyu aliijua kuliko alivyojua sauti za wanawe.

Ndiyo maana asubuhi ile, nyuma ya nyumba ya Nesi, alijua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nesi alikuwa mstaafu, mwanamke wa maneno machache yaliyonyooka, na milichi yake sita ilikuwa na miaka kumi na miwili bila kutoa tunda hata moja.

"Fundi, nimechoka kufagia majani," alisema. "Mwaka huu isipozaa naing'oa, najenga vyumba vya kupangisha."

Fundi Pete akajipiga kifua. Isipozaa, akasema, yeye hatashika tena msumeno maishani mwake. Mkewe akatazama chini. Alikuwa ameona chai ikimwagika kwenye sahani kila asubuhi, ameona vifungo vya shati vikimshinda mzee mzima, na hakusema neno. Mume huyu bila kazi yake angebaki na nini? Aliogopa kumwona ameketi mlangoni, akitazama wapita njia mpaka jua linazama. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawasemi anayemfichia mwenzake hufanywa nini.

Nesi akaingia ndani kuchemsha chai. Fundi akapiga goti kwenye mlichi wa kwanza. Mkwaruzo ukaanza vizuri, kisha sauti kali ikaja, na mkono haukusimama. Ulitikisika, ukarudi, ukazama zaidi. Mkewe alitaka kusema "Basi!" lakini heshima ikamzuia, na mpaka anaanza kujilaumu, duara lilikuwa limekwisha. Unga wa mbao ulikuwa umemwagika chini, mweupe, mwingi kuliko alivyowahi kuuona.

Fundi aliutazama unga ule. Halafu akamnyooshea mkewe msumeno bila kumwangalia usoni.

"Mgongo unanisumbua," akasema. "Hebu malizia."

"Mimi? Mimi ambaye hata kitunguu nakikata upande?"

"Wewe unasikia. Kata."

Mgongo! Mwanamume akibanwa atasingizia hata jino la mwaka juzi. Mama akapiga goti, akafumba macho, akasikiliza. Kwenye kila shina aliisubiri ile sauti, na ilipoanza tu, akaondoa msumeno na kusogea. Aliimaliza yote mitano kabla chai haijaiva, huku mumewe akiwa pembeni ameshikilia ngazi isiyo na mtu juu yake.

Nyumbani hawakulizungumza. Miezi ya baridi ikapita, na siku moja Nesi akatuma ujumbe: njooni, wote wawili.

Milichi mitano ilikuwa imejaa vichala vya maua, nyuki wanavuma, na chini ya maua vitunda vimeanza kufunga, vidogo kama njegere. Mama alitaka kupiga vigelegele. Kisha akauona wa kwanza. Ulikuwa umekauka wima, kahawia kuanzia juu mpaka kwenye pete.

"Siku ile nilichungulia dirishani," Nesi akasema. "Nikamwona mama ndiye aliyeshika msumeno. Fundi, mimi nilikuita wewe. Sikuomba mtu aje kujifunzia kwenye miti yangu."

"Ni kweli, Nesi," mama akawahi kusema. "Huo ni wangu. Nilimsumbua mume wangu aniache nijaribu, mkono ukaniponyoka. Mingine akaikata mwenyewe. Nisamehe."

Uongo ulimtoka laini mpaka akajishangaa. Mumewe hakuhitaji kufanya chochote. Kunyamaza tu kungetosha, na jina lake lingebaki safi.

"Mke wangu, ngoja," Fundi Pete akasema. "Nesi, huo mkavu ni wangu. Hii inayozaa ni yake, yote mitano, na aliikata akiwa amefumba macho."

Akanyoosha mikono yake yote miwili mbele. Ilikuwa inatetemeka, na safari hii hakuificha mfukoni. Mkewe akaona hasira, akaona aibu ya kukamatwa na uongo, na katikati ya hayo yote akampenda mzee yule kuliko siku aliyoolewa naye.

Nesi hakuuangalia tena mti. Alimshika fundi kifundo cha mkono, kama alivyowashika wagonjwa maisha yake yote.

"Imeanza lini hii?"

"Miaka miwili sasa."

"Na mkeo?"

"Hakujua. Nilimficha vizuri mpaka siku ile."

"Mitatu," mkewe akasema.