Ushahidi wa "Anon"

Msalaba mdogo ulikuwa na maana moja tu katika ofisi ya kamusi ya Daktari Lanyon: neno hili limekufa, hakuna Mwingereza anayelitamka tena. Ketura Vowles, karani wake, alikuwa amechora misalaba mingi kando ya maneno bila kujali, mpaka zamu ya *anon* ilipofika.

Neno lenyewe lilianza na heshima zake. Hapo kale, aliyesema *anon* alimaanisha papo hapo, na miguu yake ilikuwa imeshaanza kwenda. Kisha wavivu wakalitamka huku wamekaa kitako, likawa "baadaye kidogo", halafu likawa ngojangoja isiyo na mwisho. Yote hayo Daktari aliyatoa vitabuni, na kitabu cha mwisho chenye neno hilo kilikuwa cha zamani mno.

"Lakini mama yangu analisema kila siku," Ketura alimwambia. "Tena kwa maana ile ya kwanza."

"Limechapwa wapi?"

"Halijachapwa, Daktari. Liko mdomoni mwake."

"Basi halipo, binti. Ya mdomoni hatuyaandiki. Kila mtu ana mama."

Ketura alichomwa moyo. Mama yake alitumika majikoni kwa wakubwa tangu utotoni, akiitwa usiku na mchana, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliwahi kuishi. Angalau neno lake liingie. Akamwalika Daktari chai ya Jumapili, aje ajisikilizie mwenyewe.

Daktari alikuja, akala keki, akaisifu. Mama alikuwa amejilaza ghorofani. Ketura akasimama chini ya ngazi, akaita kwa sauti kali ya mabibi waliomtuma mama yake zamani, maana alijua ndiyo inayomwinua.

"Tamsin!"

"Anon!" mama akajibu, na miguu yake ya kizee ikaanza kwenda mbio. Kidato cha juu hakukiona. Alipofika chini shingo ilikuwa imevunjika.

Daktari alimfunika kwa koti lake mwenyewe, na pole alizotoa zilikuwa za kweli. Kwenye kikao cha kuchunguza kifo, Ketura aliulizwa marehemu alisema nini mwisho, naye akalitaja neno. Mwandishi wa gazeti alikuwa pale, akalinakili.

Wiki iliyofuata Daktari akamwita mezani. Kipande cha gazeti kilikuwa kimeshakatwa vizuri.

"Pole tena, binti. Ila sasa limechapwa, na tarehe ipo. Ule msalaba ufute."

Ketura akaufuta. Chini ya maana ya kwanza akakibandika kile kipande chenye kifo cha mama yake, kisha akachovya kalamu aandike nani aliyelisema.

"Jina la nini?" Daktari akamzuia kwa upole. "Sisi tunataja gazeti tu."

Kalamu akairudisha mahali pake. Kuanzia siku hiyo alimchukia mtu yule, na alijichukia mwenyewe zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeita.