Chunjua la Mama Mkwe

Fundi alikuwa mchongaji katika kiwanda cha sarafu, na kazi iliyomletea balaa alikabidhiwa akiwa na mwaka mmoja tu wa ndoa. Ilitakiwa sarafu mpya ya fedha halisi, nzito mkononi, upande mmoja iwe na mwanamke aliyebeba mganda wa nafaka, ameangalia pembeni.

"Awe na heshima," mkurugenzi alimwambia, "awe mama wa watu wote. Lakini asifanane na mtu yeyote."

Fundi alitoka ofisini akikuna kichwa. Sura isiyofanana na mtu ataitoa wapi? Alifinyanga ya kwanza kwa plasta, pana kama sinia, maana sarafu huanza kubwa kisha mashine huipunguza hadi kwenye muhuri wa chuma wa kugongea sarafu. Mkurugenzi akasema inafanana na mke wa fundi mwenyewe. Ya pili ikafanana na mke wa mhasibu, na hiyo ikazua maswali ambayo fundi hakuyapenda hata kidogo.

Nyumbani nako hakukukalika. Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa wiki mbili, na sasa alikuwa anaingia mwezi wa tatu. Kila asubuhi aliketi karibu na dirisha, akaonja chai, akakunja uso, kisha akasema na ukuta: "Mabinti wa wenzangu wameolewa na wahandisi. Wangu kaolewa na mkwaruza vyuma."

Siku hiyo fundi alimeza mate pamoja na hasira, halafu akamtazama vizuri. Alikuwa ameelekea pembeni, mwanga wa dirisha umemchora kuanzia paji la uso hadi kifuani. Pua juu, ukope umeshuka nusu kama wa mtu anayesubiri kuombwa radhi. Na kidevuni, chunjua dogo la mviringo, limekaa pale kama limepewa kiti.

Fundi akachukua penseli.

Hakuacha kitu. Chunjua alilichonga. Shingoni akamwongezea mikunjo mitatu ambayo hakuwa nayo, ya kukomoa tu. Alipoipeleka plasta ofisini, mkurugenzi alisimama, akaizunguka mezani mara mbili.

"Sasa hapa!" akasema. "Huyu hata mimi naona kama nimemkosea kitu."

Mashine zikaanza kugonga sarafu. Siku ya nne mkaguzi alikuja mbio na kioo cha kukuzia, akasema muhuri umemeguka, kidevuni pameota kitone. Fundi angesema nini? Alikubali kwamba ndiyo, ni kasoro, akachonga muhuri mwingine usio na chunjua. Zile za siku nne zilikuwa zimeshaingia mitaani na chunjua lake.

Kwa miaka mingi hiyo ikawa raha yake ya siri. Kila mama mkwe alipolipia sabuni dukani, akiutoa uso wake mwenyewe na kumsukumia muuzaji bila kuutupia jicho, fundi alilazimika kugeukia rafu na kujifanya anasoma bei.

Baadaye fedha ikapanda thamani na sarafu zikaanza kutengenezwa kwa madini ya bei rahisi. Fundi akastaafu. Mama mkwe, ambaye sasa alikuwa na miaka themanini, alihamia kwao moja kwa moja. Ndipo akasikia kwamba Jumamosi asubuhi mtaalamu wa sarafu za zamani atakuwa maktaba, anawaeleza watu walichonacho.

"Ninayo moja ya fedha kwenye kijaluba," akasema. "Utanipeleka, mkwe."

Fundi alisingizia mgongo. Kisha akasingizia gari bovu. Mama mkwe akamwambia miguu haiumwi mgongo wala haihitaji gari, kwa hiyo wataenda nayo.

Maktaba ilijaa. Mtaalamu, kijana mwenye tai na glavu nyeupe, aliipokea sarafu kwa ncha za vidole, akaiweka chini ya kamera. Sura ikatokea kwenye skrini ukutani, kubwa kama mlango.

"Bahati yako, bibi!" akasema. "Hizi ni adimu. Sura hii, wajuzi tunaamini, imetokana na sanamu ya kale sana. Na hiki kitone kidevuni ni kasoro ya muhuri. Ndicho kinachotafutwa na wakusanyaji."

Mama mkwe aligeuza kichwa kuutazama ukuta. Pua juu, ukope nusu. Mwanamke aliyekuwa nyuma yao kwenye foleni aliangalia ukuta, akamwangalia mama mkwe, akarudi ukutani. "Jamani," akasema.

"Mkwe," mama mkwe akaita taratibu.

"Naam, mama."

"Hiyo kasoro unaijua?"

Fundi aligeukia rafu ya vitabu.

"Bibi, ni chuma tu kilimeguka," mtaalamu akaingilia.

"Umemeguka wewe!" Akachukua sarafu yake, akatoka.

Kwa siku tatu hakusema neno, na fundi, aliyekuwa ameombea kimya hicho miaka thelathini, alikonda. Mkewe alimbana jikoni: "Umemfanya nini mama?" Alipoambiwa, alicheka hadi akakaa sakafuni.

Siku ya nne mama mkwe aliingia kwenye karakana ya fundi nyuma ya nyumba, akasimama mbele ya meza yake.

"Nilikuwa sijafika hata hamsini," akasema. "Shingo hii ya kobe umeitoa wapi?"

"Nilikuwa na hasira, mama."

"Ya nini?"

"Ulisema nakwaruza vyuma."

"Kwani ulikuwa unafanya nini?"

Fundi akatazama patasi zake.

"Utanichonga upya. Moja tu, ya fedha, na shingo yangu halali. Hilo chunjua liache, limenipandisha bei."

Akavuta kigoda, akaketi, akageukia pembeni.

Kazi ya siku sita ikachukua wiki saba, kwa sababu aliyechongwa hakunyamaza. Alisimulia alivyomtoroka mchumba wa kwanza kupitia dirisha la choo, akamwacha na mahari yake mlangoni. Fundi alicheka hadi patasi ikateleza, wakaanza tena sikio. Mkewe akazoea kupeleka vikombe viwili karakana.

Wiki ya tano yule mtaalamu, aliyeambiwa na watu wa maktaba kwamba sura ile ni ya bibi, alikuja na daftari kuomba radhi na kuuliza ukweli wa sarafu, apate kusahihisha kitabu chake. Mama mkwe alimweka nje saa nzima kwanza.

"Andika," akamwambia alipoingia. "Nilikuwa mrembo wa kupindukia. Mkurugenzi alisikia sifa zangu, akaja mwenyewe nyumbani, akapiga magoti. Nikamkatalia mara tatu. Mara ya nne nikamwonea huruma."

Kalamu ya kijana ilikimbia. Kisha akamgeukia fundi. "Nawe ulikuwepo, mzee?"

Fundi alipuliza vumbi la plasta mezani, akamtazama mama mkwe, ambaye hakupepesa hata jicho.

"Nilikuwepo," akasema. "Magoti yote mawili."