Nafasi za Kuitikia

Tangu Mwinjilisti Lameck alazwe kwenye udongo mwekundu wa Makutupora, sauti yake ilibaki ndani ya simu, na kila jioni mkewe Yudith aliifungulia jikoni, ikaenda pamoja na moshi.

"Bwana Yesu asifiwe!" husema Lameck, kisha hunyamaza. Ndani ya ukimya ule, kwa mbali, mwanamke huitikia: "Amina." Ni Yudith mwenyewe. Siku mumewe alipojirekodi, yeye alikuwa akisonga ugali, akadhani sala ya nyumbani imeanza. Lameck anasikika akicheka. Halafu anahubiri peke yake chumbani, akiacha nafasi kila mahali ambapo watu huitikia.

Mahubiri yale aliyarekodi akiwa mgonjwa, kwa ajili ya makanisa mawili ambayo zamani yalikuwa moja. Waumini walitengana kwa sababu ya ngoma. Waliopenda kinanda walibaki juu kilimani na Mzee Bartolomayo, kwenye kanisa la matofali. Waliopenda ngoma walishuka na Penina, wakawa wanaabudu kwenye banda la zabibu. Katikati likabaki shamba la mizabibu, na ukingoni mwake kaburi la Lameck. Sasa msalaba wa kaburi ulikuwa tayari, umelazwa hapo kando, na kila upande ulisema hautausimika pamoja na wenzao.

"Nikija na hawa bila wale, nitakuwa nimemzika mara ya pili," Yudith alimwambia binti yake Zipora, anayesoma chuoni Chimwaga.

Jumamosi Zipora akapiga simu. "Mama, nimewatumia wote mahubiri ya baba. Watayasikiliza kesho ibadani. Ila nimekata zile sehemu za kimya, faili lilikuwa zito."

"Umekata nini?"

"Kimya tu, mama. Hamna kitu mle."

"Rudisha, mwanangu. Humo ndimo watu wanamokaa."

Jumapili Yudith hakujua aende kanisa gani. Akaketi kaburini, mgongo kwenye mizabibu, upepo ukimpeperusha khanga. Spika ya juu ikaanza. Ya chini ikachelewa kidogo, ikafuata. Lameck akawa wawili, mmoja nyuma ya mwenzake, kama mtu na kivuli chake wakipita shambani.

"Bwana Yesu asifiwe!" Akaacha nafasi. Na ndani ya nafasi ile ya juu, sauti zikapanda kutoka bandani: "Amina!" Wa juu wakasita. Lameck alipouliza, "Mpo?" juu wakaitikia, na jibu lao likateremka, likaangukia penye ukimya wa wale wa chini. Ikawa hivyo tena na tena. Yudith akafumba macho. Kwa muda hakuweza kusema nani amekufa na nani yu hai. Wote walikuwa wakizungumza.

Mwisho Lameck akaanzisha wimbo, mstari mmoja tu, akawaachia. Ngoma ikaupokea chini. Juu kinanda kikahangaika kutafuta sauti, kikaipata. Watu wakatoka nje, wajue nani anawaitikia, wakakutana kati ya mizabibu wakiwa bado wanaimba.

"Dada Penina," Mzee Bartolomayo akahema, "ngoma zako zilichelewa."

"Shikamoo kwanza, mzee. Kinanda chako ndicho kilikimbia kama mbuzi aliyeona fimbo."

"Marahaba. Hata mbuzi ana miguu. Hiyo ngoma yako mpaka ibebwe."

Watu wakacheka, wakajizuia walipoona kaburi.

"Mama Zipora," Penina akasema polepole, "nani atashika msalaba?"

Yudith aliinuka, akakung'uta vumbi. "Mzee, shika huku. Wewe Penina, huku. Msalaba wenyewe ni wa mninga, mti mzito, mtu mmoja hauwezi."

Wakausimika, wakashindilia udongo kwa miguu, viatu vya watu wa juu na ndala za wale wa chini. Kisha Yudith akaifungulia sauti ya Lameck kwenye simu yake.

"Bwana Yesu asifiwe!"

Kwa mazoea alifumbua kinywa aitikie. Lakini walimtangulia wote, kwa pamoja, na ile amina yake ndogo ya jikoni ikamezwa humo, asiisikie tena.