Posa ya Mtu wa Rada

Mutesi alikaa kitandani chumbani kwake, Brooklyn Park, Minnesota, mlango ameuacha wazi upana wa vidole vitatu. Kwao, Masisi ya Kongo, ndivyo inavyofanyika: siku wageni wanapokuja kuposa, binti hukaa ndani mpaka aitwe. Kutoka pale aliona zulia, meza ndogo yenye kreti ya Fanta waliyokuja nayo wageni, na miguu ya Watanzania wawili. Viatu walikuwa wameviacha mlangoni, maana Aprili ile ya 2018 theluji ilianguka kama vile haikupata habari kwamba Pasaka imepita. Soksi nyeusi zilikuwa za Vedasto, mwenye kuposa. Soksi za mistari ya njano zilikuwa za mjomba wake, Melkiori, aliyetoka Burnsville kuja kumsemea mpwa wake.

Fanta ile ndiyo ilikuwa shughuli yenyewe. Papa Sosthène, baba yake Mutesi, akifungua chupa akanywa, posa imekubaliwa. Wageni wakiondoka na kreti yao imejaa, basi, yameisha. Na papa alikuwa ameshamwambia Mutesi wiki nzima kabla, kwa sauti ya upole iliyomtisha kuliko makelele: "Miye nikikataa, mwanangu, nimekataa. Usinililie mbele ya watu." Mutesi alikuwa na miaka ishirini na minne. Alisoma mpaka darasa la sita, kambini, na sasa alisafisha vyumba kwenye hoteli moja karibu na uwanja wa ndege kule Richfield. Hakuwa mtu wa kutoroka na mwanaume. Papa akikataa, angerudi kwenye mashuka yake na kunyamaza, na Vedasto angekuwa mtu wa kumwona kanisani kwa mbali.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Vedasto aliinama akasema shikamoo, papa akajibu "Jambo sana," kwa kuwa shikamoo hakuizoea, wote wakacheka. Bernardine, mama yake Mutesi, akatoka jikoni na sahani ya mandazi. Ndipo Melkiori akaanza kusifia. Kazi yake ilikuwa kuuza nyumba za watu, na mpwa wake alimwonyesha vivyo hivyo, chumba baada ya chumba.

"Baba, kijana huyu hanywi pombe. Gari analoendesha ni lake. Shule amesoma hapa hapa mpaka Wazungu wakachoka kumfundisha. Na kazi yake, baba yangu, si ya kubeba maboksi. Kijana yuko kwenye makombora! Makombora ya kisasa kabisa!"

Mutesi aliona miguu ya mama imesimama katikati ya zulia. Alitaka kutoka mbio akamzibe yule mjomba mdomo, lakini desturi ni desturi, akajishika magoti.

Melkiori angejuaje? Familia hii ilitoka Masisi kwa sababu ya makombora. Shangazi Euphrasie alibaki kule chini ya ukuta ulioporomoka. Na wiki iliyotangulia tu televisheni ilikuwa imeonyesha makombora yakirushwa kutoka melini kwenda Siria. Papa aliizima, akabaki ameketi mbele ya kioo cheusi, chai yake ikapoa.

"Anatengeneza mabombe," papa akasema taratibu.

"Hapana, baba, mimi nilikuwa nataka kusema..." Melkiori akaanza.

"Mama Mutesi, ulisikia? Binti yetu anaombwa na mtu wa mabombe."

"Nilisikia," mama akajibu, na mandazi yakarudi jikoni.

Soksi nyeusi zikajivuta chini ya kiti, kisha zikatulia. "Baba," Vedasto akasema, "najua leo siruhusiwi kuongea. Naomba niongee."

"Umeshaongea. Malizia."

"Sitengenezi kombora. Kazi yangu ni rada. Tunatafuta namna ya kuliona kombora linapokuja, ili lizuiwe kabla halijafika kwa watu."

"Kuliona?" Papa akaguna. "Kijana, kombora lenyewe linajitangaza."

"Yale mengine, ndiyo. Yanapanda juu sana, halafu yanashuka, na rada inayaona mapema. Lakini haya yanayoitwa kruzi yanaruka kama ndege ndogo. Yanakwenda chini chini, yanafuata bonde, yanazunguka kilima. Na dunia imejikunja, baba. Rada iliyo chini haioni upande wa pili wa mkunjo. Ukija kuliona, limeshakaribia. Una dakika moja, ukibahatika mbili."

Jikoni maji yalikuwa yakimwagika kwenye sinki. Yakakatika.

"Kama kipanga," ilisema sauti ya mama.

"Unasemaje, mama?"

Mama akatokea, mikono inadondosha maji. "Mwewe anazunguka kule juu. Kuku mwenyewe anamwona, anaita watoto wake. Kipanga haiko vile. Anakuja nyuma ya ua, chini, namna hii." Mutesi aliuona mkono wa mama ukipita usawa wa goti, kasi, bila sauti. "Unasikia tu kifaranga kimelia mara moja. Miye kipanga mmoja alinimalizia vifaranga kumi na moja."

Soksi nyeusi zikageuka zote mbili kuelekea jikoni. "Ukafanya nini?"

"Nikampandisha Mutesi juu ya kichuguu, aone ng'ambo ya ua. Jirani akapandisha wa kwake. Mmoja akiona anaita, na wote wanaita."

"Ndiyo hiyo!" Vedasto karibu asimame. "Mama, ndiyo hiyo hiyo! Tunapandisha rada juu, kwenye ndege, kwenye puto, halafu tunaziunganisha zisemezane. Sisi tuna miaka mitatu tunakalishana vikao kwa jambo hilo!"

"Mngeniita. Na mawe je? Ukimwona bila jiwe ni bure."

"Mawe tunayo, lakini yanaisha. Adui anatanguliza vya uongo, vinavyofanana na kombora kabisa, urushe mawe yako yote. Halafu lenyewe linakuja mikono yako mitupu."

Mama akapiga kofi moja. "Njiwa ya Habimana!"

"Usianze habari ya njiwa," papa akasema.

"Nilikuwa na jiwe moja tu mkononi. Nikaona kitu kinapita, nikarusha. Kumbe njiwa ya jirani!"

"Habimana hakunisalimia mwezi mzima," papa akasema, kwa machungu yaliyokuwa bado mabichi.

"Na hiyo nayo ni shida yetu," Vedasto akasema. "Una dakika moja, na kule juu kuna ndege zimebeba abiria. Ukikawia, limepita. Ukiharakisha, umeua njiwa wa Habimana."

Mama akacheka kile kicheko chake cha kujifunika kanga mdomoni. Mutesi aliuma mto asisikike. Hata Melkiori alithubutu kucheka kidogo, kisha akaona hana mwenzake upande ule wa meza, akaacha.

Papa hakucheka. "Sasa unijibu miye. Hayo makombora yakija hapa. Hapa, Brooklyn Park, na binti yangu amelala. Utayazuia?"

Soksi ya njano ikateleza juu ya zulia, ikaikanyaga soksi nyeusi. Mutesi aliona vidole vikibonyeza: sema ndiyo. Naye, Mungu amsamehe, alikuwa upande wa soksi ya njano. Neno moja tu, Vedasto. Uongo mdogo wa siku ya posa, nani hajausema?

"Siwezi kukuahidi, baba."

"Hata moja?"

"Moja, pengine. Yakija ishirini kwa mpigo, kutoka pande nne, mengine yatapita. Tunayapunguza. Mwaka huu tunazuia zaidi ya mwaka jana, na mwakani tutajitahidi zaidi. Lakini nikikwambia hakuna litakalopita, nitakuwa nakudanganya nyumbani kwako."

Soksi ya njano ikarudi kwa mwenyewe, imeshindwa. Mutesi alifumba macho. Aliyaona mashuka ya kesho asubuhi, vyumba kumi na sita, na yeye akiyakunja bila kumwambia mtu kitu.

Dirishani theluji iliyokuwa ikiyeyuka ilidondoka, ikadondoka tena.

"Kambi ya kwanza," papa akasema, "alikuja mkubwa mmoja wa askari, redio mbili kiunoni. Akatuambia, laleni, hakuna kitu kitapita hapa. Watu wakalala. Miye nilimtazama yule bwana. Wakati wote anaongea hakugeuka hata mara moja kutazama kilima. Nikamwambia mama Mutesi, amka. Tukaenda kulala kwenye mtama. Mutesi alikuwa na miaka tisa, nilimbeba mgongoni, miguu inaburuta chini. Na usiku ule kitu kilipita." Halafu, kwa sauti nyingine: "Mutesi! Kuja hapa."

Alitoka akiwa amesahau kujitanda kitenge alichoandaliwa. Kwa mara ya kwanza siku ile aliziona nyuso zao. Ya Vedasto ilikuwa na jasho kama mtu aliyekimbizwa.

Kwa desturi papa alipaswa kumwuliza, unawajua watu hawa? Hakuuliza hivyo. "Ulikuwa unasikiliza, usinifiche. Huyu anasema mengine yatapita. Unamtaka hivyo hivyo?"

"Namtaka hivyo hivyo, papa."

"Na mjomba wake?"

Mutesi alimtazama Melkiori kwa utulivu, kuanzia soksi kwenda juu. "Huyu bado namwangalia."

Melkiori ndiye aliyecheka kuliko wote, akijipigapiga paja, macho yamelowa. "Nimekoma, bibi harusi. Nimekoma kabisa!"

Papa akanyoosha mkono kwenye kreti. Alichagua chupa bila haraka, akaikagua kama vile zinatofautiana, akaifungua kwenye ukingo wa meza ambao mama amemkataza miaka yote, na leo mama hakusema kitu. Akanywa mpaka nusu. Fanta ilikuwa ya baridi. Ilimkunja uso, au ndicho alichotaka waamini.

Hakuna aliyepiga vigelegele, maana mwenye kuvipiga alikuwa ameshavuta kiti karibu na Vedasto.

"Sasa nieleze," mama akasema. "Kipanga akipitia nyuma ya nyumba, upande ule hatukuweka mtoto?"

"Hapo ndipo tulipokwama, mama."

"Mumekwama wapi? Chora, nione."

Vedasto akachovya kidole kwenye Fanta iliyomwagika, akachora mezani nyumba, na ua, na kilima nyuma yake. Mutesi akaegemea bega la mama ili aone vizuri, na papa akasogeza chupa yake pembeni kuwapa nafasi.