Nusu Saa ya Kimya na Mguu wa Bi Mwanatumu

Nyumba yangu iko Kililana, upande wa ndani, mahali ambapo ukisimama barabarani unaona kreni za bandari zikichungulia juu ya mikorosho. Jirani yangu wa upande wa chini ni Bi Mwanatumu. Yeye ni Mwamu wa kuzaliwa, nyumba yao ya mawe iko mjini Amu, yaani Lamu, hadi leo, lakini mume wake alipofariki alihamia kwenye shamba la minazi la wazazi wake, kwa sababu alisema ngazi za ile nyumba zinamla magoti. Anaishi na mwanawe Fadhil, ambaye ni mlinzi huko bandarini. Mimi ni Mkristo, yeye ni Mwislamu, na katika miaka kumi na minne tumegombana mara moja tu, nayo ilikuwa juu ya mbuzi wangu.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Tulifundishwa na watu wa zahanati kupima joto, kuosha vidonda na kujua ni mgonjwa gani wa kupelekwa mbele. Nina mkoba wa buluu wenye mkasi, pamba, bandeji na daftari. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na wagonjwa watano, na wa mwisho katika mzunguko wangu alikuwa Bi Mwanatumu mwenyewe. Sukari ilikuwa imemletea kidonda chini ya mguu wa kushoto, karibu na kidole kidogo, nacho kilikataa kufunga. Mguu wenyewe ulikuwa umekufa ganzi. Ungeweza kuugusa na kijiko cha moto asijue.

Sasa nieleze jinsi nilivyokuwa nikifanya kazi, maana hapo ndipo kosa langu lilipo. Mimi ni mtu wa Rozari. Na kwa kuwa siku haikunitosha, nilijiwekea utaratibu: nilisali huku ninahudumia. Kutoka nyumbani hadi kwa mgonjwa wa kwanza, makumi mawili ya Salamu Maria. Kumgeuza mzee Gakuru aliyepooza na kumpaka mafuta mgongoni, kumi moja. Kuosha na kufunga kidonda cha Bi Mwanatumu kulichukua kumi moja kasoro Salamu Maria mbili, na hizo mbili nilizimalizia njiani kurudi. Niliufurahia sana ujanja huo. Niliona Mungu amepata lake, mgonjwa amepata lake, na mimi nimefika nyumbani kabla kuku hawajaingia bandani.

Bi Mwanatumu alinivumilia. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba, mguu juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi kilichogeuzwa, akinitazama midomo.

"Leo wakimbia," alikuwa akiniambia. "Huyo Mariamu wenu atakupigia filimbi."

"Nyamaza, nisipoteze hesabu."

"Mimi tasbihi yangu huvuta nimeketi. Wewe yako waivuta kama kamba ya ng'ombe."

Tulicheka, nikafunga bandeji, nikaenda.

Mwezi wa pili wa kidonda hicho, daktari wa zahanati alimtazama, akasema ngozi ya pembeni inaanza kubadilika rangi. Akatupa wiki mbili. Kama hakuna nafuu, itabidi apelekwe hospitali kubwa, na huko huenda wakakata kidole, au nusu ya mguu, haijulikani. Alisema kwa upole, lakini alisema.

Bi Mwanatumu hakulia pale. Alilia nyumbani, akiwa anajiandaa kwa swala ya alasiri. Mguu wa kulia aliuosha kwa maji vizuri, kila kidole. Wa kushoto, kwa vile una bandeji, alipitisha tu mkono uliolowa juu ya kitambaa, kama alivyoelekezwa na mwalimu wake wa dini. Mkono ukakwama pale juu ya bandeji.

"Nyaguthii, somo yangu," akaniambia, "sitaki kukatwa. Nataka nizikwe na maguu yangu mawili. Na kabla ya kuzikwa nataka niyasimamie. Nimechoka kuswali kwenye kiti."

Nikamwambia Mungu ni mwema. Kisha nikaangalia jua, nikaondoka, kwa sababu ilikuwa bado sijafua vitambaa vya altare.

Jumamosi iliyofuata, Sista Redempta alikuja kutoka mjini kutufanyia mafungo ya siku moja, sisi wanawake wa kigango. Kanisa letu ni dogo, la mabati, lina mabenchi kumi na moja na moja limevunjika mguu. Nilifikiri atatufundisha. Kumbe alisema maneno machache, akatuambia tuweke chini vitabu, tuweke chini Rozari, tukae na Bwana kimya nusu saa. Basi.

Nusu saa hiyo niliiona ndefu kuliko kwaresima. Nilikumbuka maharagwe niliyoloweka. Nilihesabu misumari ya paa. Nilisikia mjusi. Nikainuka taratibu, nikaenda nyuma kuwasha moto wa chai ya akina mama, angalau kuwe na mtu wa maana anayefanya kitu. Sista akanifuata.

"Mama Nyaguthii, chai ni ya saa nne."

"Sista, mimi kukaa hivi siwezi. Mimi sala yangu ni kazi."

"Ni nani alikuambia?"

Nikapuliza moto. Akacheka, akachuchumaa kando yangu hapo kwenye mafiga na lile gwanda lake jeupe.

"Wajukuu wako wakija likizo, wewe huwaangalia usoni?"

"Kwanza nawahesabu, nijue kama wametimia."

"Na baada ya kuwahesabu?"

"Nawapikia."

"Na usoni?"

Nikasukuma kuni ndani zaidi.

"Mungu naye umemhesabu siku nyingi, Mama," akasema. "Sasa mwangalie. Nusu saa tu, asubuhi, kabla ya wagonjwa. Wagonjwa hawatakimbia."

Nilikasirika, sitaficha. Niliona huyu ni mtoto mdogo, hajui kugeuza mtu aliyepooza. Jioni yake nikaenda kwa Bi Mwanatumu na manung'uniko yangu, nikijua yeye atakuwa upande wangu. Nikamsimulia yote huku ninachemsha maji ya chumvi.

Akanisikiliza hadi mwisho. "Huyo sista wenu ana akili," akasema.

"Bi Mwanatumu!"

"Ana akili. Wewe ukinifunga mguu, mdomo uko kwa Mariamu, mkono uko kwangu, na mato hayatazami popote. Mimi wakati wa swala naswali. Chungu nakiepua, samaki nawafunika, paka namfukuza. Nikimaliza swala narudi kwa samaki, na hapo ni samaki tu. Ningeswali huku nachungulia chungu, ningekosa swala na ningeunguza samaki."

"Lakini kazi ni nyingi."

"Kazi ilikuwa nyingi pia kwa mama yangu aliyezaa tisa. Adhana ilikuya mara tano, na mara tano aliketi akapumua."

Nilimfunga mguu kimya, kwa hasira, na kwa haraka kuliko siku zote.

Lakini maneno ya watu wawili yakikutana, hata kama mmoja ni sista na mwingine ni mwanamke wa Kiamu anayekutania, huwezi kuyafukuza kirahisi. Jumatatu, saa moja asubuhi, nikafungua kanisa kwa ufunguo ninaotunza mimi, nikakaa benchi la tatu. Nikaiacha Rozari ndani ya mkoba, na mkoba nikauweka mlangoni. Siku hiyo niliwaza wagonjwa wote watano na bei ya simsim. Jumanne nililala usingizi, shingo ikaniuma. Jumatano nilikaa tu. Taa nyekundu ya tabernakulo ilikuwa inawaka. Sikusikia sauti, wala sikuona kitu, nisije nikawadanganya. Ila nilipokuwa nimekaa hivyo niligundua kwamba sina haraka, na sikukumbuka ni lini mara ya mwisho nilikuwa sina haraka. Nikasema, "Bwana, niko hapa." Nikahisi kana kwamba yeye alikuwa amefika mapema na kunisubiri, wala hakuona vibaya kusubiri. Machozi yakanitoka kidogo, nikayafuta na leso.

Siku hiyo nilipofika kwa Bi Mwanatumu sikuwa na shanga mkononi. Nikachemsha maji, nikayaacha yapoe. Nikanawa. Nikaufungua mguu, nikaushika kisigino kwenye kiganja changu cha kushoto, na kwa mara ya kwanza nikautazama kama mtu anayetazama uso wa mtu.

Ni mguu mzuri, jamani. Ni mwembamba, una alama ya hina ya zamani kwenye kucha, na kovu la utotoni juu ya kifundo. Nikausafisha polepole. Nikaona pembeni mwa kidonda, chini kabisa ya kidole kidogo, kuna nukta nyeusi. Ndogo kama ncha ya penseli. Nikaipitishia pamba yenye maji, haikutoka. Nikabonyeza kando yake taratibu, ikasogea juu kidogo ikang'aa, halafu ikazama tena.

"Nini?" akauliza Bi Mwanatumu. "Mbona hupumui?"

"Kuna kitu humu ndani."

"Kitu gani?"

"Sijui. Mwite Fadhil."

Tulifundishwa: kitu kikiwa ndani ya kidonda cha mgonjwa wa sukari, usikivute. Nikaufunika mguu kwa kitambaa safi. Fadhil alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, lakini aliruka kutoka kitandani akaenda kutafuta tuktuk. Njia nzima nilikuwa nimeupakata ule mguu mapajani, kila shimo la barabara nikiuinua kama yai.

Daktari alivaa glavu, akachukua kibano, akainama chini ya taa. Haikuchukua muda. Akatoa kitu akakiweka juu ya pamba, akatuonyesha. Kilikuwa kipande cha mwiba wa samaki, urefu wa punje ya mchele.

"Tasi!" akasema Bi Mwanatumu. "Ni wale tasi wa Kizingitini alioniletea Fadhil kabla ya Ramadhani! Niliwaparia uani, bila viatu."

"Kilikuwa kimezama, uvimbe umekifunika," daktari akasema. "Ndiyo maana kidonda kimekataa. Mwili unasukuma, hauwezi. Sasa uvimbe umeshuka kikajitokeza. Nani ameona?"

Bi Mwanatumu akaninyooshea kidole. Mimi nikatazama sakafu. Kilikuwa kimejitokeza siku ngapi bila mimi kukiona? Mbili? Sita? Tuliambiwa tuukague mguu kila siku, kila upande, kati ya vidole. Nami kila siku niliandika kwenye daftari, "Nimekagua."

Jioni nilimwambia. Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka wake, sikuweza kunywa chai.

"Bi Mwanatumu, nimekuosha miezi miwili na sikukutazama. Nilikuwa ninakuhesabu. Unisamehe."

Akakoroga chai yake muda mrefu, ingawa haina sukari.

"Miezi miwili umekuya," akasema. "Jua kali, umekuya. Mvua ile ya kuezua mapaa, umekuya umejifunika gunia. Nani mwingine alikuya? Nimekusamehe, na nakushukuru. Sasa kunywa chai, itapoa."

Nikainywa. Sijawahi kunywa chai ya tangawizi tamu kama ile.

Tangu hapo nikazigawa saa zangu. Asubuhi nusu saa kwa Bwana, mikono mitupu. Rozari naisali jioni nikiwa nimeketi. Kwa wagonjwa ni wagonjwa tu. Mzee Gakuru naye nilimgundua ana upele chini ya bega, na pia nikagundua anapenda kuzungumza habari za ng'ombe wake wa zamani. Nilidhani hana la kusema. Lakini msidhani nilikuwa mtakatifu ghafla. Ule ukimya ulianza kunikolea, na Jumapili moja nikakaa kanisani hadi karibu saa tano. Nikafika kwa Bi Mwanatumu ananingoja na bandeji imelowa.

"Leo ni Mungu aliyekukalisha, au umejikalisha mwenyewe?" akaniuliza.

"Nilikuwa na amani sana."

"Amani yako imenilowesha mguu mimi. Nusu saa uliambiwa, si nusu siku!"

Alikuwa na haki. Nikatia simu yangu kengele, ikilia naondoka, hata kama moyo unataka kubaki. Na nimeona jambo hili: ninapoondoka hivyo, ninakuta kuna kitu ninaondoka nacho, na mgonjwa ndiye anayekipata.

Ile Jumatatu ya kutimia wiki mbili alizotupa, daktari alisema tuendelee. Iliyofuata akasema nyama mpya inakuja, nyekundu, safi. Wiki ya sita baada ya mwiba kutoka, alipapasa mahali pale kwa kidole gumba, akavua glavu.

"Kimefunga, Bi Mwanatumu. Hakuna kukata. Ila kutembea bila viatu, hata kwenda jikoni, ni marufuku."

"Hata msalani nitaingia navyo," akasema, "nikivivua ni kwenye mswala tu." Fadhil, aliyetusindikiza, akageukia dirisha kuficha kicheko.

Keshoye nilikuwa kanisani kwenye nusu saa yangu. Nikasikia hatua nje, za polepole, na fimbo. Hatua zikasimama mlangoni. Sikugeuka. Nilijua nusu saa hii ni ya Bwana, si ya wageni wengine. Simu ilipolia nikapiga ishara ya msalaba, nikatoka.

Bi Mwanatumu alikuwa ameketi kwenye lile benchi lililovunjika mguu, ambalo tulikuwa tumelitoa nje na kuliegemeza ukutani. Amevaa buibui lake, miguuni viatu vipya vya kufunika, vya kijivu, vibaya kweli kweli. Alikuwa ametembea peke yake kutoka kwake, ni mwendo wa dakika kumi kwa mwenye miguu mizima, sijui yeye ulimchukua ngapi.

"Mbona hukuniita?" nikamwuliza.

"Ulikuwa na mgeni."

Akanipa mkono nimwinue. Alfajiri ile, akaniambia, ameswali amesimama, rakaa zote mbili, na alipomaliza ameniombea mimi kwa jina. Nikamwambia na mimi nimetoka kumtaja sasa hivi. Tukashika njia ya kwa mzee Gakuru, yeye mbele na mimi nyuma na mkoba, tukienda kwa mwendo wake.