Shimo Chini ya Mizizi

Kahawa ilipokwisha kuvunwa Hasamba, Boazi aliacha kuzungumza habari za shamba, akawa anazungumza habari za mto. Fanueli, kaka wa mkewe, alikuwa ametuma salamu kutoka bonde la Momba: maji yamepungua mapema, migono imeanza kusukwa, na mume wa Jenista aje avue pamoja na ukoo. Tangu waoane hakuwahi kualikwa. Kwa watu wa kwao Jenista, mkwe hata akilipa ng'ombe wote bado ni mgeni mpaka siku atakapoitwa mtoni.

"Mama Ruti," alimwambia mkewe huku akinyoosha matete ya mgono wake, ule mtego mrefu wa kusukwa unaolazwa majini, "sasa nimekuwa mtoto wa nyumba ile."

Jenista alitabasamu. Kisha akaingia jikoni, akasimama mbele ya mafiga bila kukumbuka alichokifuata.

Boazi alikuwa mpole, mtu wa kuamka mapema na kusali kwa sauti ndogo ili asimwamshe mtoto. Furaha yake ilikuwa vijito. Jioni zile alivitaja kimoja kimoja, kama mtu anayetaja ndugu zake. Kulikuwa na kijito cha chini ya shamba la baba yake, chembamba hata mbuzi hukiruka, maji yake baridi ya kuuma meno. Pale ndipo alipojifunza kulala kifudifudi ukingoni, kuingiza mkono chini ya mizizi ya mkuyu, na kupapasa polepole hadi vidole viguse tumbo la samaki.

"Ni laini kama sikio la mtoto," alisema. "Ukilisugua taratibu, anatulia. Anadhani ni maji. Hapo ndipo unamkamata."

Kulikuwa na kijito kingine karibu na Ikinga, alikopita akibebea misheni mizigo. Huko mashimo ya ukingoni yalikuwa makubwa, mkono ulizama mpaka begani. Na kulikuwa na mto wa milimani ambako Wazungu walipandikiza samaki wao wenye madoa, wanaoitwa trauti. Mzungu aliyemwajiri alisimama pale tangu asubuhi na fimbo yake na uzi wake, asipate kitu. Boazi alilala chini, akapapasa, akamtoa mmoja mnene na kumwekea miguuni.

"Alishukuru?" Jenista aliuliza, ingawa hadithi hiyo aliijua.

"Alinitazama kama mtu niliyeiba sadaka!"

Walicheka wote wawili. Lakini Jenista alikuwa akiutazama mkono wa mumewe. Boazi alipokuwa akisimulia, mkono ule ulijinyoosha wenyewe, kiganja juu, vidole vikichezacheza, ukiingia mahali pasipoonekana. Jenista aliona ukingo wa Momba, ule udongo mwekundu uliolika kwa chini, na mizizi inayoning'inia mbele ya giza. Kwao hakuna mtu, hata mlevi, aliyewahi kuingiza mkono humo.

Alijua kilichokaa humo. Hakuweza kukitaja.

Kwa akina Jenista, mgono wa kwanza ukishaanza kusukwa, jina la mnyama yule halitamkwi tena mpaka wavuvi warudi. Alikuwa msichana wakati mama yake, Enesi, alipomwona mdogo wake Yonasi akishuka mtoni asubuhi, akamwita kwa hofu ya dada, "Yonasi, angalia mamba!" Ni hayo tu. Yonasi alicheka, akaingia majini, na hawakupata hata shati. Tangu siku ile Enesi hakuimba tena kanisani, na shangazi zake walisema mdomo wake ndio uliomwita mnyama. Wazee wa ukoo wakaweka sharti: atakayetajiwa jina lile kabla ya uvuvi asiguse maji. Akae ukingoni, hata kama ndiye mvuvi bora kuliko wote.

Jenista alikuwa Mkristo na alisoma Biblia yake. Hata hivyo, kila alipojaribu kulitamka jina lile, ulimi ulikauka.

Alijaribu njia za pembeni. "Baba Ruti, kule kwetu usipapase. Tumia mgono kama wenzako."

"Kwa nini?"

"Si desturi."

"Si desturi kwa sababu hawajui! Nikiwatolea mmoja mnene kama mguu wangu, itakuwa desturi."

"Mto ni mkubwa."

"Basi na samaki ni wakubwa." Akamshika shavu. "Unaniogopea maji? Maji hayo yamepungua, kaka yako kasema. Yananifika magotini."

Boazi aliwahi kusikia kwamba wanyama wale wako Momba. Lakini akilini mwake walikaa mbali, kule mto unakokaribia ziwa, kwenye maji mapana. Kwake ukingo wenye mizizi ulikuwa ni nyumbani. Kosa hilo angeweza kulifanya tu mtu aliyekulia kwenye vijito baridi.

Fanueli alifika kumchukua, vumbi la njia limempaka hadi kwenye nyusi. Jenista aliwapikia ugali na maharage, akakaa karibu na mlango, Ruti amelala mapajani.

"Shemeji," Fanueli alianza uchokozi, "nyinyi watu wa mlimani nasikia mnavua kwa kikombe."

"Afadhali kikombe. Nyinyi mnasuka vikapu kwa sababu mikono yenu mizembe."

"Mikono yetu?"

"Nitawaonyesha. Ninyi pigeni maji na fimbo zenu, mfukuze samaki. Wakubwa hawaingii kwenye mgono. Wakubwa hukimbilia ukingoni, chini ya mizizi. Mimi nitakuwa nimelala pale nawasubiri." Akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya bakuli la maharage, kiganja juu. "Mpaka begani."

Fanueli aliacha kutafuna. Alimtazama dada yake. Jenista aliona katika macho ya kaka yake hofu ileile aliyokuwa nayo yeye, na mdomoni kufuli lilelile.

"Kwetu tunakwenda kwa mstari," Fanueli alisema taratibu. "Utafuata wenzako, shemeji."

"Nitafuata samaki!"

Ilikuwa wazi kwa Jenista. Akinyamaza, mkono ule utaingia. Akisema, atakuwa amefanya alichofanya mama yake, na mumewe atanyimwa mto aliousubiri miaka yote ya ndoa yao. Na kama Boazi, kama Yonasi, atacheka na kuingia hivyohivyo? Moyo ulimpiga hata mtoto akajigeuza mapajani.

"Mamba," alisema.

Fanueli alitua tonge.

"Mamba, Baba Ruti. Lile shimo unalolitamani ni la mamba. Si kule ziwani. Palepale, chini ya mizizi. Mjomba wangu Yonasi alikwenda humo."

Boazi alianza kucheka, akamwona Fanueli, kicheko kikaishia njiani.

"Umeshamtajia," Fanueli alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa kama ya mtu aliyechoka. "Shemeji, hutagusa maji."

"Nikae ukingoni kama kikongwe? Mbele ya wakwe?"

"Ndiyo."

"Na nisipokaa?"

Fanueli alinawa mikono. Boazi alimgeukia mkewe. "Ungeweza kuniambia tulipokuwa wawili."

Hilo lilimchoma Jenista kuliko kama angepigwa kofi, kwa kuwa lilikuwa kweli. Asubuhi Boazi aliondoka na Fanueli bila kumuaga. Mgono wake mpya aliuacha umeegemea ukuta.

Siku zilizofuata Jenista alichota maji, alipalilia, alimnyonyesha Ruti, na kila alichokishika kilikuwa mkono wa Boazi. Kwao wavuvi wakirudi salama huimba tangu mbali, na wakirudi kimya, wanawake hujifunga kanga viunoni na kuanza kulia bila kuuliza. Lakini Boazi angerudi peke yake, na mtu mmoja haimbi.

Alimwona akipandisha kilima akiwa na fungu la samaki wakavu begani. Jenista hakutazama uso. Alitazama mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Vidole vyote.

Boazi aliweka samaki chini, akaketi kwenye gogo.

"Ulikaa?" Jenista aliuliza kwa shida.

"Nilikaa. Watoto walinicheka." Alijifuta jasho. "Mbele yangu kulikuwa na shimo, Mama Ruti. Mizizi kama ile ya kwa baba. Nililitazama kutwa nzima. Hakikutoka kitu."

Jenista aliinamisha kichwa.

"Walipiga maji, samaki wakakimbia kila upande," Boazi aliendelea, sauti ikishuka. "Nawajua samaki. Wakiogopa huingia shimoni. Wale walifika mbele ya lile wakageuka, wakarudi kwenye fimbo. Wote. Hakuna hata mmoja aliyeingia."

Mikono yake ilikuwa imebanwa kati ya magoti, kama ya mtu anayesikia baridi. Jenista aliketi kando yake, akauchukua ule wa kulia, akaushika kwa mikono yake yote miwili.