Gari Lililolala na Ndama

Baba yangu, Karani Nyamongo wa Birongo, alikuwa na gari na hakujua kuendesha. Nalisema hili mapema ili msidhani nimekuja kumsifu. Alilinunua mwaka 1963 kwa afisa mmoja Mwingereza aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao, bwana ambaye baba alimtumikia miaka kumi na mmoja akimwandikia barua na kumtafutia miwani. Lilikuwa gari jeusi la kabla ya vita, lenye madigadi mapana juu ya magurudumu na kiti cha nyuma ambacho watu wanne wangekaa bila kugusana mabega. Dereva wa kukodi alilifikisha uani, akalizima, akachukua ujira wake akaenda zake. Likakaa hapo miaka tisa.

Halikukaa bure, maana baba alilitumia kudharau watu. Aliyekuja kuomba mbegu au kuleta habari ya msiba alipitishwa kwanza mbele ya gari, akaonyeshwa taa zake, ndipo akaulizwa shida yake. Na kwa kuwa baba aliogopa kijicho cha majirani pamoja na mvua yetu ya kila alasiri, aliagiza lisukumwe ndani ya zizi la ndama, kwenye paa pekee lililotosha upana wake. Ndama wakalala ubavuni mwake na kukojoa chini yake miaka yote hiyo. Ukimwambia gari linaoza, alikuuliza wewe umewahi kuwa na gari gani.

Mimi ni Bonareri, binti yake wa kwanza. Mume wangu ni Ratemo, fundi wa kunyoosha bodi za magari pale Kisii mjini. Baba hakuwahi kutamka neno "mume". Alisema "yule mpiga mabati". Ratemo alipoleta wazee na ng'ombe kuniposa, mwaka ule ule wa gari, baba aliwaambia kwamba karani mwenye gari hawezi kumpa binti yake mtu mwenye kucha nyeusi. Ng'ombe walirudishwa njia waliyojia. Mimi nilimfuata Ratemo hadi Kiogoro hivyo hivyo, tukazaa watoto wanne.

Lakini kwetu, mwanamke ambaye ng'ombe wake hawajapokelewa ni mgeni tu hata akiishi na mtu miaka ishirini. Watoto wangu walihesabiwa wa baba yangu, na siku ningekufa watu wangegombana nizikwe wapi. Mama alipofariki mwaka 1968, wakwe wa watu walisimama karibu na kaburi, naye Ratemo aliambiwa asimame barabarani na wapita njia. Alisimama huko kwenye mvua mpaka mwisho. Siku hiyo nilianza kumdharau baba kwa moyo wangu wote, na sikuona haya.

Basi, mwaka 1972 ikaja barua kutoka Uingereza. Yule bwana wa zamani alikuwa anakuja kutembea, angepita Kisii mwezi wa nne, na angefurahi sana kuliona gari lake. Baba aliisoma barua hiyo kwa watu baada ya ibada ya Sabato, kwanza kwa Kiingereza ili wasielewe, kisha kwa lugha yetu ili waelewe. Akajibu kwamba gari liko vile vile alivyoliacha. Kisha akarudi nyumbani, akamwita ndugu yangu Okemwa na vijana watano walivute nje, na digadi la kushoto likabaki mikononi mwa Okemwa.

Fundi wa kwanza alikuwa mtu wa mjini mwenye koti jeupe na maneno matamu. Alisema kukata na kuchomelea ni ushamba, yeye ana dawa. Dawa yenyewe ilikuwa unga wa jiwe la Tabaka, lile laini la kuchonga vinyago, uliokorogwa na vanishi. Sina ubaya na jiwe la Tabaka. Linatoa bakuli nzuri na viboko wa kupendeza, lakini sijasikia mtu aliyepanda gari la mawe. Alijaza matundu, akalainisha kwa msasa, akapaka rangi nyeusi, na kwa siku mbili gari lilimeremeta mpaka baba akaanza tena kuwapitisha watu mbele yake. Siku ya tatu Okemwa alifunga mlango kwa nguvu kidogo. Ubavu mzima ulidondoka kama lipu ya ukuta mbovu.

Mafundi wengine wawili walikuja, wakachungulia chini, wakacheka, wakaondoka. Zilibaki wiki tatu. Ndipo Okemwa akatumwa Kiogoro, ameinamisha kichwa, kusema kwamba karani anamhitaji mpiga mabati.

"Usiende," nilimwambia Ratemo. "Mwache mzungu wake alikute lile gari na ndama wake."

"Gari halikunikosea kitu," alisema Ratemo, akaanza kupanga nyundo.

Jumapili tukapanda Birongo kwa pikapu ya kukodi iliyobeba mitungi ya gesi, tindo, mkasi wa bati na mabati aliyokuwa amekata kutoka kwenye mapipa ya mafuta. Nilikwenda na watoto wote wanne. Nilitaka wamwone babu yao akiwa na shida. Majirani walikuwa wameshakaa kwenye nyasi tangu asubuhi, na mbele yao wote mong'ina Persis, mama mzee wa boma la pili, ambaye hakuwahi kukosa kushuhudia aibu ya mtu. Baba alikuwa amevaa tai. Hakumsalimu Ratemo.

"Mwambie fundi aanze," alimwambia Okemwa, na fundi amesimama hatua mbili kutoka kwake. "Akwaruze, apake rangi. Kutu ni kitu cha juu juu."

Hivyo ndivyo alivyoamini, mtu aliyesoma. Aliiona kutu kama ukurutu wa ngozi, upake dawa uondoke. Ratemo hakubishana. Alilala chini ya gari akagonga kwa tindo kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kililia. Kilichooza kilitoa sauti ya kikohozi kisha kikamwagika usoni pake, vipande vyekundu vya kusagika kwa vidole. Alipotoka alikuwa mwekundu hadi kope.

"Omogaka, mzee wangu, mvua haikuligusa gari hili. Limeliwa na mkojo wa ndama, kutoka chini," alisema. "Sakafu imekwisha, na kingo za chini ya milango zimekwisha. Nitakata niweke bati jipya. Lakini kiti cha nyuma lazima kitoke."

Baba akashtuka, akamgeukia Okemwa. "Kiti cha nyuma hakina kutu."

"Kiko juu ya kutu."

"Mwambie akiache!"

Lakini Ratemo alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma na kuinua gunia lililofunika kiti. Alitazama ndani mara moja. Kisha akalishusha gunia taratibu, akafunga mlango, akavua kofia. Aligeuka akatembea hadi kwenye migomba, akakaa chini akilipa gari mgongo.

Kwenye kile kiti palikuwa na godoro, blanketi na mto, na Biblia yenye miwani ya baba ndani yake. Baba alikuwa akilala mle. Alituambia kila siku kwamba analilinda gari dhidi ya wezi, nasi tulidhani analilinda akiwa nyumbani kitandani kwake kama watu wengine.

Kwetu mkwe haoni kitanda cha baba mkwe, sembuse kukigusa. Ni katika ile heshima yenye aibu ndani yake tunayoiita chinsoni, na hakuna mtu pale uani aliyehitaji kuelezwa. Mong'ina Persis ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Kumbe karani analala na ndama!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote.

"Fundi!" baba alipaza sauti. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa kumsemesha bila mjumbe. "Rudi kazini."

"Siwezi, tata," Ratemo alijibu bila kugeuka, akimwita baba kwa lugha yetu. "Hicho ni kitanda cha baba mkwe wangu."

"Mimi ni Msabato! Hayo ni mambo ya giza, tuliyaacha zamani."

Aliyasema hayo mtu aliyemhamisha Okemwa nyumbani siku ile ile aliyotoka jandoni, ili mwanawe asipite karibu na mlango wa chumba chake. Baba aliona tunamtazama. Akakaza tai yake, akasema kile ambacho nilijua atakisema.

"Na kwanza wewe si mkwe wangu. Ng'ombe wako sijawapokea. Wewe ni fundi. Shika nyundo yako."

Kicheko kikakatika. Ratemo aliinuka, akapangusa suruali, akalirudia gari polepole. Alipofika kwenye tindo yake alisimama.

"Kama mimi si mkwe, basi naweza kukigusa," alisema. Lakini alinitazama mimi, na tindo akaiacha pale chini. Miaka tisa alikuwa amebeba tusi hilo kimya, na sasa alikuwa anaombwa alitie sahihi kwa mkono wake mwenyewe.

Sikumngoja. Nilimfunga mdogo mgongoni, nikawashika wengine mikono, nikatembea hadi mlangoni kwa baba, nikaweka mzigo wangu wa nguo za watoto kwenye kizingiti.

"Tata, nionyeshe pa kulala," nilisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Kama huyo si mkwe wako, mimi sijaolewa. Nimerudi nyumbani na wanao wanne. Wanakula sana, na huyu wa pili anakojoa kitandani, lakini naona wewe umeshazoea."

Mong'ina Persis alipiga makofi. Mtoto wangu wa tatu, bila kufundishwa na mtu, aliingia ndani akatoka na ndizi mbili za baba, moja ameshaiuma.

Baba alitazama watoto, akatazama gari, akatazama njia ambayo mzungu wake angepandia. Nilifurahi kumwona akihangaika, nasema ukweli. Halafu akavua koti, akaliendea gari kwa hatua zake fupi za ofisini, akafungua mlango wa nyuma na kuanza kutoa kitanda chake mwenyewe. Ratemo aligeuza uso palepale. Nami niligeuza wangu, kama inavyompasa binti, lakini nilikuwa nimeshauona mto.

Foronya yake ilikuwa ile aliyoidarizi mama, maua mekundu na herufi za majina yao mawili. Tuliitafuta sana foronya hiyo wakati wa matanga, tukadhani imeibiwa. Kumbe tangu mama azikwe, nyumba ilikuwa imemshinda baba. Alilala kwenye gari bovu akiwa na mto wa mkewe, na mchana akatutangazia habari za wezi. Nilimhurumia, na nikakasirika kwa kumhurumia, maana nilikuwa bado sijamaliza kumdharau.

Alipita katikati ya watu na godoro kichwani, tai ikiyumba, na hakuna aliyecheka tena. Alipomfikia Okemwa alisimama.

"Mwambie fundi sasa ni kiti tu," alisema, akaingia ndani.

Kwa hiyo alikuwa amekihamisha kwa ajili ya mkwe, lakini mdomo wake uliendelea kusema fundi. Ratemo alisema inatosha. Mimi nilisema haitoshi hata kidogo.

Kazi ilichukua wiki mbili na nusu. Ratemo alikata kila kilichooza mpaka akafika kwenye chuma kinacholia, hata pale ambapo jicho lingedanganyika. Alipima bati, akalikunja kwa nyundo juu ya gogo, akachomelea kwa moto mwembamba na kulisugua kwa brashi ya waya. Kila alichokisugua alikipaka rangi ya kwanza kabla ya mvua ya alasiri, kwa sababu chuma kitupu kikilala usiku mmoja katika hewa yetu, asubuhi kimeshaanza kuwa chekundu. Unga wa Tabaka uliobaki milangoni aliukwangua wote akaumwaga kwenye jaa. Ndama walihamishiwa kwingine. Baba alikuja kila siku kutazama, akasimama mbali, mikono nyuma, kama afisa.

Mzungu alikuja siku ya Jumanne. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Alilizunguka gari mara moja, akapigapiga boneti, akamwita baba kwa jina la karani mwingine, akanywa chai nusu kikombe na kuondoka kabla ya mvua. Hakufungua hata mlango. Baba alibaki amesimama uani na tai yake, mkono wa kuaga bado umeinuliwa, na gari la mgeni limeshapotea kwenye kona. Kwa mtu huyo ndugu yangu alikuwa ametumwa Kiogoro, na mume wangu alikuwa amekula kutu wiki mbili na nusu.

Nilikusanya vikombe, nikafunga khanga yangu, nikaanza kushuka njia.

"Bonareri."

Nikageuka. Alikuwa amesimama kando ya gari, anatazama miguu yake.

"Mwambie mume wako mlango wa nyuma unakwama."

Nilirudi hadi pale alipokuwa. Nilishika kitasa, nikaufungua mlango na kuufunga, nikaufungua tena. Haukukwama hata kidogo. Baba aliendelea kutazama miguu yake.

"Nitamwambia, tata," nilisema.

Nikashuka Kiogoro usiku haujaingia, nikamwambia Ratemo atafute wazee, tupeleke ng'ombe.